Uzi: Marafiki saba, vitochi viwili, mmoja yuko Dubai. Mnaunganisha vipi?

Mwanakundi_7

Habari za humu, wandugu. Naomba ushauri wa wanaojua, na tafadhali asije mtu akasema "fungueni grupu la WhatsApp" kisha akaondoka.

Kundi lina watu saba. Watatu wako Kampala, wana simu janja na bando la kuungaunga. Mmoja yuko Busia, pale pale mpakani. Wawili wanatumia vitochi (simu ndogo za vitufe, zisizo na WhatsApp): mmoja Nakivale, mwingine ndani ndani Kiryandongo, na chaji zao ni za sola. Wa saba yuko Dubai. Tunataka mambo matatu: kusikia sauti za wenzetu mara moja kwa mwezi, habari ya haraka (msiba, ugonjwa, harusi) imfikie kila mtu siku hiyo hiyo, na mtu akibadilisha laini asipotee. Hela ni kidogo. Karibuni.

FundiSimu_Kisenyi

Mkuu, umeuliza vizuri. Njia ya kundi huchaguliwa na mwenye simu duni kuliko wote. Mkianza na WhatsApp, wale watano watakuwa wanacheka huko ndani, na wa vitochi watasikia habari ya msiba watu wameshazika. Kwa hiyo simu ya kawaida na SMS ndiyo njia kuu, WhatsApp ni nyongeza.

Kuhusu SMS, watu hupoteza hela bila kujua. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja, na kila kipande kinatozwa kama ujumbe. Hapo ni kama umeandika herufi za kawaida. Ukiweka emoji moja tu, ujumbe mzima unahama kwenye mfumo mwingine wa herufi, na kikomo kinashuka hadi 70. Na kwa sisi waandishi wa Kiswahili kuna mtego: ile alama ya ng'. Alama iliyonyooka haina tatizo. Iliyopinda, ambayo iPhone huiweka yenyewe au inayokuja ukinakili maandishi kutoka kwingine, inakushusha hadi 70 vilevile. Neno "ng'ombe" moja linaweza kukutoza SMS mbili.

Mfano wa ujumbe wa kundi:

"Salama? Simu ya wote Jumapili saa 3 usiku. Washa simu kuanzia saa 2:45, kaa penye mtandao. Ukikosa nibipu Jumatatu. Usijibu kama sawa."

Hizo ni herufi 134. Zimebaki za kutosha kuongeza jina.

Karani_wa_Grupu

Kaka Fundi, nakubali yote isipokuwa "usijibu kama sawa". Utajuaje kama umefika? Kitochi kikijaa ujumbe hakipokei mwingine mpaka mwenyewe afute. Simu ikizimwa, mtandao unashikilia ujumbe kwa muda fulani kisha unautupa. Mtu wa sola akikaa mawingu mfululizo, ujumbe wenu umekufa na hakuna anayejua.

Wekeni bipu za kuitikia. Bipu moja: nimepata. Bipu mbili zikifuatana: nimepata ila sitaweza. Hakuna anayepokea. Iite mara mbili ukate. Ila mjue kwamba laini isiyo na salio kabisa kwa kawaida haiunganishi hata hiyo bipu, kwa hiyo kila mwenye kitochi aache salio kidogo asiloligusa. Na yule anayebipiwa asiwe na mazoea ya kudaka simu kabla haijalia, ataimaliza akiba ya watu.

FundiSimu_Kisenyi

@Karani_wa_Grupu hapo umenifunga. Bipu iwepo. Niongeze: mtumaji awashe ripoti ya kufikishwa kwenye mipangilio ya ujumbe. Ikirudi, simu imepokea, ingawa haikwambii kama mtu amesoma.

Jingine kwa wa simu janja: ukituma SMS moja kwa watu kadhaa, programu nyingi za ujumbe huigeuza kuwa ujumbe wa kundi wa MMS (ujumbe unaopita kwa data, si SMS), na kitochi hakitaupata. Ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta ujumbe wa kundi, chagua utume SMS kwa kila mtu peke yake. Na kama rafiki alikuwa na simu janja kisha akahamishia laini kwenye kitochi, simu yako inaweza kuendelea kumtumia ujumbe kupitia data, ukabaki unaning'inia. Zima huduma ya RCS kwenye mazungumzo yake, utume SMS ya kawaida.

Bwana_Fedha

SMS mwaka huu? Jamani.

Dada_wa_Entebbe

@Bwana_Fedha intaneti ilipozimwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, SMS na simu za kawaida ndizo zilizobaki zikifanya kazi. Waliokuwa na namba za marafiki zao ndani ya Facebook tu walitulia. Na Facebook yenyewe imefungwa huku tangu mwezi huo huo, kuifungua mpaka VPN (programu ya kukwepa kufungiwa mtandao), kwa hiyo Messenger msiihesabu kabisa kwenye mpango wenu.

Sasa kwenye sauti. Kuna kitu simu zote zinacho, hata kitochi, na watu hawakitumii: kuunganisha simu za kawaida. Mpigaji anaweza kuwashika watu watano kwa pamoja, na yeye wa sita. Ninyi saba, ukimtoa wa Dubai, mnabaki sita kamili.

Namna yake ni hii. Anayeshika simu (mwiteni mwenyekiti) awe na simu yenye chaji ya kutosha na akae mahali mtandao haucheziceze. Kwanza apige *43# kuwasha huduma ya kusubirisha simu. Akitaka kuhakikisha imewaka, *#43#. Ampigie wa kwanza, akipokea abonyeze "ongeza simu", ampigie wa pili, kisha "unganisha". Anaendelea hivyo mmoja mmoja. Aanze na vitochi, kwa sababu ndio wanaosumbua kupatikana, amalizie na wa mjini.

Upande wa hela: kila mguu, yaani kila simu iliyounganishwa, unatozwa kwa aliyepiga. Mwenyekiti akiwapigia wote watano dakika 20, zimekwenda dakika 100 za bando. Dawa ni kwamba wenye nafuu wampigie wao mwenyekiti. Simu inaingia kama ya kusubiri, anaipokea, anaiunganisha, na gharama ya mguu huo ni ya aliyepiga. Mwenyekiti analipia vitochi viwili tu, yaani dakika 40. Na aangalie bando lake ni la mitandao yote au la mtandao wake peke yake, maana hapo ndipo watu huliwa salio kimya kimya.

Mwanakundi_7

Dada, hii ya kumpigia mwenyekiti sikuwahi kuisikia. Asante sana. Je, ikikatika katikati?

Dada_wa_Entebbe

Mwenyekiti akikata, wote wamekatika. Mwingine akikatika, wengine wanaendelea, na yeye asubiri kupigiwa, asipige yeye kwa pupa. Kinachoharibu zaidi ni mtu kupokea simu nyingine katikati ya mazungumzo. Akiwaweka kwenye kusubiri, wote mnaanza kusikia ule mlio au muziki wa mtandao wake, na hamuwezi kuuzima mpaka mwenyekiti amtoe. Waambieni mapema: hakuna kupokea simu nyingine. Spika ya nje nayo iepukwe, inarudisha mwangwi kwa wengine. Na mkiwa sita, aliyenyamaza hajulikani yupo au hayupo, kwa hiyo mwenyekiti aite majina kwa zamu. Bila zamu wanazungumza wawili tu, wengine wanasikiliza kama redio.

Mpakani_Busia

Niseme kuhusu huyo mwenzenu wa huku. Shida ya Busia ni minara ya pande mbili. Simu inakamata ya Kenya bila kuuliza, kisha bando la Uganda halifanyi kazi na salio linatozwa kwa bei za nje. Malaba ni hivyo hivyo, na Mutukula upande wa Tanzania.

Aende kwenye mipangilio, mtandao wa simu, waendeshaji wa mtandao, azime uchaguzi wa otomatiki, asubiri simu itafute (huchukua dakika moja au mbili), achague mtandao wake wa Uganda kwa mkono. Kwenye kitochi iko hivyo hivyo, imejificha tu chini ya mipangilio ya simu. Kisha azime data ya nje ya nchi. Akisafiri kwenda Kampala arudishe otomatiki, maana ikikwama kwenye uchaguzi wa mkono inaweza kukaa bila mtandao njia nzima na yeye analaumu mnara.

Kupokea simu akiwa upande wa Kenya na laini ya Uganda hakumgharimu. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo tangu 2014. Kupiga ndiko kuna bei yake. Kwa hiyo kwenye simu ya mwezi yeye apigiwe kama hana uhakika yuko kwenye mnara upi.

Mtu_wa_Deira

Wa Dubai mniachie mimi. Simu za WhatsApp, za sauti na za video, zimefungwa Falme za Kiarabu. Zitalia halafu zitabaki "inaunganisha" mpaka mchoke. Lakini ujumbe wa maandishi, picha na sauti za kurekodi vinapita bila shida. Programu inayoruhusiwa kupiga ni kama Botim, na lazima pande zote mbili mwe nayo, kwa hiyo mmoja wenu wa Kampala aiweke awe daraja.

Msimshauri atumie VPN kupigia. Sheria ya huko inamtoza anayetumia VPN kufanya kosa faini kuanzia dirham 500,000. Hakuna soga yenye thamani hiyo.

Saa: Dubai iko mbele ya Kampala kwa saa moja. Saa tatu usiku yenu ni saa nne kwake, na wengi huko wanaamka mapema kwenda kazini. Andikeni daima "saa ya Kampala". Mkija kuongeza mtu wa Goma au Juba, hao wako nyuma yenu kwa saa moja.

Na muhimu: wengi wakifika huko wanaendelea na WhatsApp ya namba ya Uganda huku laini imelala kwenye begi. Laini isiyotumika muda mrefu mtandao unaichukua na kuiuza tena. Mnunuzi mpya akifungua WhatsApp kwa namba ile, rafiki yenu anatolewa nje ya akaunti yake, na ninyi mnamwandikia mgeni "mambo vipi". Ama aitumie laini ile mara kwa mara, ama ahamishe akaunti: mipangilio, akaunti, badilisha namba, aweke ya zamani na mpya. Akichagua kuwajulisha watu wake, wanapata taarifa, na magrupu anabaki nayo. Afanye kabla laini ya zamani haijafa.

Karani_wa_Grupu

Sasa tuje kwenye WhatsApp ya hao watano, kwa sababu najua mtaifungua tu.

Gawanyeni. Grupu la soga liwe moja. Likitokea jambo la michango, iwe kwanjula (kumtambulisha mchumba kwa wazazi), harusi au mabugo (mchango wa msiba), lifunguliwe jingine la muda, lenye mweka hazina, na lifungwe hesabu ikishasomwa. Mkichanganya, soga linakufa: kila anayefungua anakutana na orodha ya walioahidi na waliolipa, na ambaye hajalipa anaanza kukimbia grupu zima. Nyie mnadhani amewachukia, kumbe anakwepa orodha. Hiki ndicho kinachoua urafiki wa mtandaoni hapa Uganda kuliko ukosefu wa data, kwa maoni yangu.

Na wewe binafsi, ili usiburuzwe kwenye kila grupu la harusi ya mtu usiyemjua: mipangilio, faragha, magrupu, chagua watu ulio na namba zao tu wawe ndio wanaoweza kukuongeza. Wengine watakutumia mwaliko, ukubali au uache.

Kwa taarifa za haraka kuna orodha ya matangazo: unaandika mara moja, inamfikia kila mmoja peke yake. Lakini inafika tu kwa aliyeihifadhi namba yako. Watu hulalamika "mbona sikupata", kumbe hawajamhifadhi mtumaji.

Mmoja kati ya watatu wa Kampala awe mjumbe wa vitochi. Kila jambo zito likiingia grupuni, yeye analifupisha kwenye SMS moja na kuwatumia wale wawili jioni hiyo. Mbadilishane kila mwezi. Msipompa mtu kazi hiyo kwa jina, kila mmoja atadhani mwenzake ametuma.

Bwana_Fedha

Haya, nimerudi, na safari hii nina la maana. Data.

Tangu Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 ndani ya bei ya data. Kwa hiyo kodi huioni ila iko. Punguzeni mnachokula.

Kwanza, upakuaji wa otomatiki. Mipangilio, hifadhi na data, kwa data ya simu ondoa alama zote: picha, sauti, video, nyaraka. Sauti za kurekodi zitaendelea kushuka zenyewe, na si tatizo, dakika moja haifiki hata robo MB. Linganisha na simu ya WhatsApp, inayozunguka nusu MB kwa dakika, na video inayokula mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo sauti ya kurekodi ndiyo rafiki wa maskini, hasa kwa yule wa Dubai. Irekodiwe fupi: jambo moja, sauti moja. Ya dakika nane hakuna anayeisikiliza, na aliyeisikiliza hakumbuki mwanzo.

Pili, palepale pana swichi ya kutumia data kidogo wakati wa simu. Iwashe.

Tatu, mabando yasiyo na mwisho wa muda yana bei ya juu kwa kila MB kuliko ya siku, lakini kwa mtu wa ujumbe tu yanafaa zaidi, kwa sababu ya siku hufa muda wake ukiisha, nusu yake haijaguswa. Menyu ni *150# kwa MTN na *175# kwa Airtel, someni zote kabla ya kubonyeza. Na hali (status) za WhatsApp za watu msizifungue hovyo kama data ni kidogo. Video za harusi za watu ndizo zinazowamaliza.

FundiSimu_Kisenyi

Usalama, haraka haraka. Akija "rafiki" kwenye WhatsApp akasema "nitumie zile namba sita ulizopata kwa SMS, nimezituma kwako kwa makosa", huyo si rafiki, ni mtu aliyekwisha kuiba akaunti ya rafiki na sasa anataka yako. Mpigie mwenyewe kwa simu ya kawaida kumwarifu. Wote wekeni PIN ya hatua mbili: mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, tarakimu sita, na barua pepe ya kuirejesha ukisahau.

Ukishaibiwa, ifungue upya WhatsApp kwa namba yako, weka msimbo mpya wa SMS, mwizi anatoka papo hapo. Kama yeye ameshaweka PIN yake, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN, lakini naye hayumo. Katika siku hizo watumie SMS watu wako wasitume hela kwa namba hiyo, maana kitu cha kwanza mwizi anaomba ni mobile money.

Namba zihifadhiwe zote kwa mtindo wa +256 kisha tarakimu tisa, sifuri ya mwanzo iondolewe. Aliyeihifadhi kwa 07 akifika Dubai, simu haiungani.

Dada_wa_Entebbe

Na daftari, tafadhali. Ukurasa mmoja: jina, namba ya kwanza, namba ya pili, na namba ya jirani au ndugu anayeishi naye. Kitochi mara nyingi huhifadhi majina kwenye laini, laini ikipotea yameondoka nayo. Namba ya jirani ndiyo itakayowaokoa siku mtu amepotea hewani.

Jambo la kuulizana mapema: laini imesajiliwa kwa jina la nani? Wengi hutumia laini iliyosajiliwa na kaka au mwajiri. Ikipotea, wa kuirudisha ni yule mwenye kitambulisho kilichosajiliwa, si anayeitumia. Kama yule mwajiri mlishaachana kwa ubaya, namba imekwenda.

Mpakani_Busia

Kwa wakati intaneti imezimwa na mko jirani, kuna Briar, ya Android, inapitisha ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti. Lakini masafa ya Bluetooth ni ya ndani ya nyumba na ua, si Kampala hadi Busia, na ni vizuri muwe mmeiweka na kuongezana kabla. Kwa hao watatu wa mjini sawa, kama wanakaa karibu. Kwa kundi zima, hapana.

Mwanakundi_7

Wandugu, mwebale nnyo. Jana tulijaribu kuunganisha watu wanne tu. Wa Nakivale anatusikia vizuri kabisa lakini sisi hatumsikii. Akipigiwa peke yake anasikika. Tatizo liko kwake au kwa mwenyekiti?

FundiSimu_Kisenyi

Kama peke yake anasikika, maikrofoni yake ni nzima, msimpeleke kwa fundi. Na kama mwenyekiti angemwacha kwenye kusubiri, naye asingewasikia ninyi. 

Kwa hiyo kwanza mwambieni huyo wa Nakivale akague kama hajabonyeza kuzima sauti. Kwenye vitochi vingi kitufe cha juu kushoto wakati wa simu ndicho kinachofungua chaguo hilo, na ukishikilia simu kwa bega shavu linakibonyeza. Bado? Mwenyekiti akate wote, ampigie yeye wa kwanza, wengine wafuate. Na kama mwenyekiti anatumia simu ya laini mbili, ahakikishe wote wamepigwa kutoka laini moja. Miguu ya laini mbili tofauti haiungani, hata kama skrini inakudanganya kwamba imeungana.